Saratani, korona na damu kuganda: maswali ambayo familia hutuuliza nje ya wodi

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi, iwe Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru, mgonjwa wake wa saratani yuko ndani, na ametoka kuambiwa kwamba kipimo cha korona kimeonyesha anayo. Mimi ni muuguzi. Nimehudumia wagonjwa wa saratani upande huu wa ziwa kwa miaka kadhaa, na korona ilipoingia nilihamishiwa wodi ya waliotengwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imekwisha, lakini virusi vyenyewe havikupanda basi vikaondoka. Kwa mtu aliye katikati ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) bado vinaweza kumlaza.

Maswali nimeyaacha yalivyoulizwa.

Sista, korona si ugonjwa wa mapafu? Damu kuganda inaingiaje hapo?

Sote tulidhani hivyo. Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza, habari zote zilikuwa za oksijeni na mashine za kupumulia. Kisha madaktari wa Hamburg, Ujerumani, wakachunguza maiti 12 za watu waliokufa wakiwa na korona. Saba kati yao walikuwa na mabonge ya damu kwenye mishipa ya ndani ya miguu, na walipokuwa hai hakuna aliyeshuku. Wanne waliuawa na bonge lililotoka huko chini likapanda hadi mapafuni. Mwaka huohuo, Uholanzi, wagonjwa 184 wa ICU (wodi ya mahututi) walifuatiliwa na ikaonekana 31 kati ya kila 100 walipata tatizo la damu kuganda, ingawa wote walikuwa wakipewa angalau dozi ya kinga ya dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sababu zenyewe alishazieleza daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, tangu mwaka 1856. Damu huganda ndani ya mshipa kwa mambo matatu: ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, damu ikitembea polepole, na damu yenyewe ikiwa imeelekea kuganda. Korona huleta yote matatu kwa mkupuo. Virusi na vita vya mwili dhidi yake hukwaruza utando laini wa ndani ya mishipa. Mgonjwa hashuki kitandani, damu ya miguuni inatuama kama maji ya mtaro ulioziba. Na kemikali ambazo mwili humwaga wakati wa kupigana huamsha vigandishi vyote.

Na saratani je?

Saratani ilikuwa na tabia hiyo kabla ya korona kujulikana. Seli zake hutoa vitu vinavyoamsha mfumo wa kugandisha damu, na uvimbe ukiwa mkubwa hukandamiza mishipa iliyo karibu. Mtu mwenye saratani ana hatari ya kupata bonge mara 4 hadi 7 kuliko mtu asiye nayo, na karibu bonge moja kati ya matano tunayoyaona hospitalini ni la mgonjwa wa saratani. Ongeza matibabu: dawa kama cisplatin, thalidomide na tamoxifen, upasuaji, mrija unaowekwa kwenye mshipa mkubwa ili kemo ipitie. Yote husukuma upande uleule.

Kuna kisa ambacho mwalimu wetu alipenda kutusimulia. Armand Trousseau, daktari wa Paris, ndiye aliyefundisha miaka ya 1860 kwamba mishipa ikianza kuganda bila sababu, utafute saratani iliyojificha. Mwanzoni mwa 1867 aliona mshipa wake mwenyewe umevimba. Akamwambia mwanafunzi wake kwamba sasa anajua anaugua nini. Alikufa miezi michache baadaye, kwa saratani ya tumboni.

Mgonjwa wangu ana vyote viwili. Hatari ni kubwa kiasi gani?

Marekani walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa saratani waliolazwa kwa korona, wakatengeneza orodha ya pointi iitwayo CoVID-TE. Aliyewahi kuwa na bonge zamani anapata pointi 2. Aliyeingia ICU, 2. Aina ya saratani inayojulikana kugandisha, 1. Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer (nitakieleza chini) kikiwa juu, 1. Aliyepata dawa za saratani hivi karibuni, 1. Waliofikisha pointi 3 au zaidi, takriban 11 kati ya kila 100 walipata bonge; waliokuwa chini ya hapo, kama 4.

Orodha hiyo ina pointi moja zaidi inayotolewa kwa namna Wamarekani wanavyogawanya watu kwa asili zao. Pointi hiyo huku kwetu siioni ikitufaa. Ninachokichukua pale ni yale mawili ya juu: *amewahi kuganda damu?* na *anaelekea ICU?* Kama amewahi, hata kama ilikuwa miaka 10 iliyopita baada ya kujifungua, mwambie daktari leo hiihii. Watu husahau kulitaja kwa sababu wanaona halihusiani na saratani.

Jambo la kutia moyo kidogo: mabonge yalikuwa mengi zaidi katika mawimbi ya mwanzo. Chanjo zilipofika, na aina mpya ya kirusi, Omicron, ilipochukua nafasi, yakapungua. Hayakwisha.

Saratani zote ni sawa?

Hapana. Zilizo mbele kabisa kwa kugandisha damu ni ya tumbo la chakula na ya kongosho. Zinafuatwa na ya mapafu, ya tezi za limfu, ya viungo vya uzazi vya mwanamke, ya kibofu na ya korodani.

Huku kwetu nawaogopea sana watu wa makundi mawili. La kwanza ni akina mama wa saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe ulio nyongani hubana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, na hubana pia mirija ya mkojo hadi figo zikachoka. Figo zikichoka, dawa ya kuzuia kuganda hubaki mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Na mama huyohuyo huenda anatokwa na damu ukeni. Hatari ya kuganda na hatari ya kuvuja zimekaa kwenye kitanda kimoja. La pili ni wagonjwa wa saratani ya koo la chakula, ugonjwa tunaouona sana ukanda huu wa magharibi na Bonde la Ufa. Hawamezi, wamekauka maji, wanalala siku nzima, na uvimbe wao unaweza kuvuja damu wakati wowote.

Ukimwi na selimundu, ambavyo havikosekani huku, navyo huongeza hatari ya damu kuganda. Usiache kuvitaja kwa aibu.

Tutajuaje kwamba damu imeganda?

Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake. Maumivu kwenye shavu la mguu kama ya mkakamao usioachia. Mguu kuwa wa moto ukiugusa. Vitabu husema utakuwa mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tumia kiganja zaidi ya macho. Wenye mrija wa kemo, tazama mkono na shingo upande wa mrija.

Bonge likipanda mapafuni: pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, moyo unaenda mbio, mtu anakohoa damu au anazimia. Ugumu ni kwamba korona yenyewe hukata pumzi. Kinachotushtua ni mabadiliko. Mtu alikuwa anaendelea vizuri, oksijeni inapunguzwa, halafu saa nane usiku anarudi nyuma bila sababu, kifua hakina sauti mpya. Hapo ndipo tunapowaza bonge.

Nitakueleza nilivyofundishwa na fundi cherehani. Alikuwa na duka dogo soko la Kibuye, na alikuwa akimuuguza dada yake, mgonjwa wa mlango wa kizazi aliyelazwa na korona baada ya vizuizi vya kuona wagonjwa kulegezwa. Siku ya sita alinivuta kando, akatoa utepe wake wa kupimia nguo kwenye mkoba. "Sista, mguu wa kushoto umeongezeka inchi mbili tangu Jumapili." Alikuwa amepima miguu yote miwili kila jioni, mahali palepale, na kuandika kwa biro nyuma ya pakiti ya unga. Nikaangalia safu zake mbili za namba. Mguu wa kulia haukuwa umebadilika hata kidogo. Sisi tulikuwa tumepita kitandani hapo mara ngapi, na shuka lilikuwa limefunika miguu kila mara. Ultrasaundi ya mishipa ilionyesha bonge kuanzia gotini hadi nyongani.

Tangu hapo utepe nauweka mfukoni mwa sare. Shuka chini ya goti, pale penye kinundu cha mfupa kwa mbele, hesabu sentimita 10 kwenda chini, zungusha utepe. Pima miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3, mwite muuguzi au daktari wakati huohuo, usingoje raundi ya asubuhi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa mara nyingi ni jambo lingine (moyo, figo, au damu kukosa protini), lakini lisemwe pia.

Mama mkwe anataka tumkande kwa maji moto na mafuta. Kuna ubaya?

Upo. Mguu mmoja uliovimba ghafla kwa mgonjwa kama huyu usikandwe, usichuliwe, usifungwe kitambaa kwa nguvu, hadi upigwe picha. Tunaogopa bonge kung'oka na kusafiri. Najua wapo watakaosema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Sibishani nao wodini. Huwaomba tu wasubiri ultrasaundi kwanza, na wengi husubiri.

Ile sindano ya tumboni ni ya nini? Na mbona jirani yake hapewi?

Ni heparini, au ndugu yake enoxaparin ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clexane. Ile ya kinga mara nyingi ni miligramu 40 mara moja kwa siku chini ya ngozi, au heparini ya kawaida yuniti 5,000 mara mbili au tatu kwa siku. Mgonjwa wa saratani aliyelazwa na korona anapaswa kuipata tangu siku anayolazwa, isipokuwa pawe na sababu ya kumnyima.

Sababu zenyewe ni hizi. Anavuja damu sasa hivi. Chembe zinazoziba jeraha, ambazo maabara wanaziita pleteleti, zimeshuka sana kwa ajili ya kemo. Zikiwa chini ya 50,000 daktari huanza kufikiri mara mbili, na chini ya 25,000 kwa kawaida husimamisha. Malaria nayo hushusha pleteleti, na Kisumu malaria haina likizo, kwa hiyo kipimo cha damu cha wiki iliyopita hakitoshi. Au ana uvimbe kichwani uliovuja karibuni, au anasubiri upasuaji au kutolewa maji uti wa mgongo. Figo zikiwa dhaifu hanyimwi: dozi ya enoxaparin hupunguzwa au anapewa heparini ya kawaida.

Kwa hiyo kama una swali moja tu la kumuuliza daktari siku ya kwanza, liwe hili: *Anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama hapana, ni kwa sababu gani, na sababu hiyo itaangaliwa tena lini?* Sehemu ya mwisho ndiyo watu huiacha. Nimeona dawa ikisimamishwa Ijumaa kwa sababu ya pleteleti, pleteleti zikapanda Jumatatu, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha hadi Alhamisi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Karatasi ya dawa ilibadilishwa, ule mstari ukabaki kwenye karatasi ya zamani.

Wengine wanapewa dozi kubwa. Mbona wetu dozi ndogo, ni kwa kuwa hatuna pesa?

Kuna sababu ya kitabibu, na inashangaza. Mwaka 2021 majaribio makubwa ya nchi kadhaa yalilinganisha dozi ya kinga na dozi kamili ya matibabu. Kwa wagonjwa wa korona waliokuwa wodi ya kawaida, kama 2,200 hivi, dozi kamili ilisaidia: 80.2 kati ya 100 walitoka bila kuhitaji mashine za kusaidia viungo, dhidi ya 76.4 wa dozi ya kawaida. Waliovuja damu vibaya walikuwa 1.9 dhidi ya 0.9 kwa 100. Lakini kwa waliokuwa tayari mahututi ICU, dozi kubwa haikuwasaidia, na kuvuja kukaongezeka. Inaonekana moto ukishawaka kiasi kile, kumwaga dawa zaidi hakuuzimi.

Mgonjwa wa saratani huvuja damu kirahisi kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo daktari anayechagua dozi ndogo kwa mtu wa saratani ya koo au ya tumbo hajakunyima haki yako. Muulize, atakueleza.

Ni kweli dawa hii inatoka kwa nguruwe?

Ni kweli. Heparini na enoxaparin hutengenezwa kutokana na utando wa matumbo ya nguruwe. Nimeulizwa na Waislamu wa Nakuru na Kisumu, na nimeulizwa zaidi na Wasabato kutoka Kisii na Nyamira. Viongozi wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya namna hii pasipo na badala na maisha yakiwa hatarini, na mgonjwa ana haki ya kumpigia simu sheikh au mchungaji wake kabla ya kukubali. Ipo dawa iitwayo fondaparinux ambayo haitokani na mnyama yeyote, ila si kila famasi inayo. Nisichokipenda ni mgonjwa kufichwa. Mzee mmoja aligundua kwa kusoma karatasi ya ndani ya boksi, na kuanzia hapo hakutuamini hata kwa panadoli.

D-dimer yake iko juu sana. Ina maana tayari ana bonge?

Si lazima. D-dimer ni mabaki ya damu iliyoganda ikayeyushwa. Korona huipandisha, saratani huipandisha, hata kidonda cha upasuaji. Kwa mtu mwenye vyote hivyo, ikiwa juu haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni picha: ultrasaundi kwa mguu, CT yenye dawa ya mshipani kwa mapafu. Usikubali kulipia D-dimer kila siku bila kuambiwa jibu litabadilisha nini.

Si tumpe aspirini tu, ni rahisi na iko kila duka?

Hapana. Uingereza waliipima kwa wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa na korona, majibu yakatoka 2021: waliopewa na wasiopewa walikufa kwa kiwango kilekile, 17 kati ya 100. Ukimpa kisirisiri juu ya heparini, unaongeza kuvuja. Vidonge vingi vya maumivu vya dukani vina aspirini ndani, soma boksi. Diclofenac na ibuprofen vilevile viache. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye chakula havina neno. Ile chupa ya mchemsho mzito wa vitunguu saumu tuliyoizoea wakati wa korona, isiletwe wodini.

Bonge limeonekana. Sasa?

Dozi kamili ya sindano kwanza, inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa. Hakikisha amepimwa uzito kwa mizani, kwa sababu wagonjwa wetu hupungua haraka na kilo za miezi mitatu iliyopita si zake tena. Baada ya hapo matibabu huendelea angalau miezi 3 hadi 6, na mara nyingi kwa muda wote saratani ikiwa bado hai.

Kuhusu dawa ya kuendelea nayo, kuna njia tatu. Kubaki na sindano: salama kwa wengi, lakini ni ghali na inachosha. Vidonge vipya kama rivaroxaban au apixaban: ni rahisi, havihitaji kupimwa damu kila wiki. Lakini kwa saratani ya koo, tumbo na utumbo ambayo uvimbe bado uko, rivaroxaban huongeza kuvuja, na dozi zake za matibabu lazima zimezwe na chakula, jambo ambalo mgonjwa wa koo hawezi. Tatu ni wafarini.

Wafarini ni rahisi kununua na ngumu kuishi nayo. Inapimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na tunataka kikae kati ya 2 na 3. Mboga za kijani zina vitamini K inayoipinga. Watu huambiwa "acha sukuma", wakaacha, wakala wali mtupu mwezi mzima, INR ikapaa. Kula sukuma, kunde, osuga, mrenda kama ulivyozoea; usile sahani kubwa wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo, basi. Dawa ya TB yenye rifampicin huishusha nguvu sana. Fluconazole ya ukungu wa mdomoni huipandisha. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ilianzisha kliniki ya dawa hizi inayoendeshwa na wafamasia, na kwa mtu wa wafarini kliniki ya namna hiyo ni bora kuliko kuhangaika peke yake.

Kama anatumia ARV, taja majina yake yote. Zenye ritonavir hugongana na vidonge vipya hivi hadi mtu akavuja. Dolutegravir haina ugomvi huo. Paxlovid, dawa ya korona, nayo ina ritonavir ndani.

Tunapewa sindano twende nazo nyumbani. Nitaweza?

Utaweza. Nimewafundisha wavuvi wa Dunga ambao mikono yao ni migumu kuliko kamba ya nyavu.

Nawa mikono. Mgonjwa ajilaze kidogo. Chagua ubavu wa tumbo, mbali na kitovu vidole vitatu au vinne, leo kulia, kesho kushoto. Ndani ya sindano utaona kipovu cha hewa. Kiache, kinasukuma dawa yote iingie. Finya ngozi upate kunjo nene, choma wima hadi sindano iishe yote, sukuma taratibu, chomoa, kisha ndipo uachie ngozi. Usisugue. Ukisugua utaamka na baka jeusi kama sahani. Baka dogo la ukubwa wa shilingi ni kawaida.

Dawa isikae mahali penye joto zaidi ya nyuzi 25, wala isigande kwenye friza. Kwa Kisumu hiyo ina maana chumba chenye kivuli, chini karibu na sakafu, mbali na dirisha na jiko. Sindano zilizotumika zitie kwenye mtungi mgumu wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko, uurudishe hospitalini ukijaa. Usitupe shimo la takataka. Kuna watoto na kuna kuku.

Kimbia hospitali akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, akipata choo cheusi kama lami, akiumwa kichwa ghafla kuliko siku zote, au akianguka na kugonga kichwa, hata akisema yuko sawa.

Chanjo haikuwa ndiyo iliyogandisha damu za watu?

Lilikuwapo tatizo la kweli, nadra mno, kwa chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson: watu wachache kati ya mamia ya maelfu waliganda damu huku pleteleti zikishuka. AstraZeneca ndiyo iliyofika Kenya kwanza, Machi 2021, kwa hiyo hofu ilikuwa na msingi. Chanjo za aina ya Pfizer na Moderna hazikuonyesha tatizo hilo. Ukilinganisha na korona yenyewe, mgonjwa wa saratani hupata bonge mara nyingi zaidi kwa kuugua kuliko kwa kuchanjwa. Muulize daktari wa saratani siku nzuri ya kuchanja katikati ya mizunguko ya kemo.

Kemo isimame?

Kwa kawaida huahirishwa hadi korona itulie, na bonge lenyewe halizuii kemo kuendelea baadaye. Uamuzi ni wa daktari wa saratani. Usiache miadi ipite bila kupiga simu.

Mtoto wetu ana Burkitt. Naye achomwe?

Burkitt ni saratani ya tezi za limfu inayowapata watoto. Watoto huganda damu mara chache sana kuliko watu wazima. Sindano hii hawapewi wote kwa jumla. Huangaliwa mmoja mmoja, hasa mwenye mrija mkubwa au aliye mahututi.

SHA inalipa?

Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali. Nenda ofisi yake ya hospitali siku ya kwanza, ukiwa na kitambulisho, uulize mambo mawili kando kando: kulazwa, na dawa za kwenda nazo nyumbani. Familia nyingi hukwama kwenye hilo la pili, siku ya kuruhusiwa, saa kumi jioni, famasi inafungwa.

Akitoka hospitali, hatari inaisha lini?

Haiishi mlangoni. Uswidi walifuatilia zaidi ya watu milioni moja waliopata korona: hatari ya bonge la mguu ilibaki juu hadi takriban siku 70, ya mapafuni hadi 110, na ya kuvuja damu hadi 60. Brazil, wagonjwa 320 wenye hatari kubwa waligawanywa wakati wa kuruhusiwa: nusu wakapewa rivaroxaban miligramu 10 kwa siku 35, nusu wasipewe. Matatizo yakawa 3 kwa 100 kwa waliopewa, na 9 kwa 100 kwa wengine. Hata hivyo si kila anayetoka hupewa, hasa mwenye uvimbe unaoweza kuvuja. Ulizeni kabla ya kusaini karatasi za kutoka.

Nyumbani atembee, hata kama ni kutoka kitandani hadi kwenye kivuli cha mwembe na kurudi, mara nyingi kwa siku. Anywe maji kama hajakatazwa. Kama anasafiri Busia hadi Eldoret kwa kliniki, mlipie kiti cha mbele au cha kando ya mlango aweze kunyoosha mguu, achezeshe nyayo juu na chini njiani, na dereva akisimama popote, ashuke. Utepe muuweke ndani ya mkoba wa dawa, na mpime kila jioni hadi miezi mitatu ipite.